Mzazi, Nafasi Yako Shuleni ni Ipi?

Maelezo kwa wazazi na walezi wenye watoto wa gredi ya 7, 8 na 9

Ndugu wazazi na walezi wa Kakuma na Kalobeyei,

Mtoto anapoanza chekechea, mzazi humshika mkono mpaka mlangoni. Anapofika gredi ya 7, mzazi husema, "Huyu sasa ni mkubwa, atajitegemea." Kuanzia siku hiyo mzazi haonekani tena shuleni. Mara nyingi haupiti muda mrefu kabla mtoto naye hajaanza kutoonekana.

Karatasi hii inaeleza kwa nini miaka hii mitatu inahitaji mzazi awe karibu kuliko zamani, sheria inakupa haki gani, na unaweza kufanya nini hata kama hujui kusoma au hujui Kiingereza. Ukimaliza kuisoma, msomee jirani asiyejua kusoma.

1. SHULE HII NI IPI?

Waliokaa kambini miaka mingi wanakumbuka utaratibu wa zamani: mtoto anasoma mpaka darasa la 8, anafanya mtihani wa KCPE, kisha anaingia sekondari. Utaratibu huo umekwisha. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Sasa shule za kambini, kama shule nyingine za Kenya, zinafuata mtaala wa umilisi. Mtoto anasoma shule ya msingi mpaka gredi ya 6. Halafu anaingia sekondari msingi, ambayo wengi wenu mnaiita JSS, kwa miaka mitatu: gredi ya 7, 8 na 9. Baadaye anakwenda sekondari ya juu, gredi ya 10 mpaka ya 12. Darasa la kwanza la gredi ya 7 lilianza Januari 2023. Wanafunzi hao ndio waliofanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwaka 2025, na Januari 2026 wakafungua gredi ya 10.

Kwa kawaida madarasa ya gredi ya 7 mpaka 9 yako ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Kwa sababu hiyo wazazi wengine wanadhani hakuna kilichobadilika. Kimebadilika, na badiliko kubwa liko katika kuhesabu alama.

2. ALAMA ZINAHESABIWAJE?

Zamani kila kitu kilitegemea mtihani mmoja wa mwisho. Mtoto aliweza kuzembea darasa la 6 na la 7, akajitahidi mwaka wa mwisho, akafaulu. Sasa matokeo ya mwisho wa gredi ya 9 yanatoka mahali patatu:

- Tathmini ya gredi ya 6 (KPSEA): alama 20 katika kila 100.
- Kazi na tathmini za shuleni gredi ya 7 na ya 8: alama 20 katika kila 100.
- Mtihani wa gredi ya 9 (KJSEA): alama 60 katika kila 100.

Maana yake ni kwamba mtoto anapoketi kufanya mtihani wa mwisho, alama 40 zimekwisha kuamuliwa nyuma. Hazirudi.

Tuseme binti yako yuko gredi ya 8. Mdogo wake anaugua, nawe unamwambia abaki nyumbani wiki tatu amwangalie. Katika wiki hizo darasa linafanya mradi wa kilimo na tathmini ya hisabati. Anaporudi, wenzake wamekwisha kupewa alama. Kama hakuna aliyemweleza mwalimu, nafasi yake inaweza kubaki wazi. Mwaka unaofuata atasoma usiku na mchana, lakini wiki zile tatu zitamfuata mpaka kwenye karatasi ya matokeo. Kama ungefika kwa mwalimu wa darasa siku ya kwanza ukasema, "Mtoto wangu ana shida hii," mwalimu angeweza kutafuta njia ya kumpa kazi hiyo siku nyingine. Safari moja ya mzazi ingeokoa alama hizo.

Matokeo haya pia yanasaidia kuamua mtoto atafuata njia gani sekondari ya juu. Njia ni tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, sanaa na sayansi za michezo. Zungumza na mtoto juu ya jambo hili tangu gredi ya 7, wala usingoje siku ya kujaza fomu.

3. SHERIA INASEMAJE?

Wazazi wengine hutuambia, "Sisi ni wakimbizi, hatuna sauti katika shule ya watu." Si kweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya au anaishi Kenya ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Sheria haikuishia kwa raia. Kama wajibu unakuhusu, na haki zinakuhusu.

Haya ni mambo manne ya kukumbuka kutoka katika sheria hiyo:

a) Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini ya Wizara, na mtoto hawezi kukatazwa kuhudhuria shule kwa sababu mchango haujalipwa.

b) Mtu yeyote anayepokea mchango wa shule lazima atoe risiti rasmi. Ukitoa pesa, omba risiti, kisha uiweke pamoja na kadi yako ya chakula.

c) Mwanafunzi hapaswi kuteswa wala kudhalilishwa, kwa mwili au kwa maneno. Kiboko hakiruhusiwi.

d) Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi. Huhitaji kuomba wala kulipa ili uwe mwanachama.

4. CHAMA CHA WAZAZI NA BODI NI NINI?

Vyombo hivi viwili vinachanganywa mara nyingi.

Chama cha Wazazi ni ninyi nyote. Chama kina kamati yake, ambayo ina wawakilishi wa wazazi wa kila darasa pamoja na walimu wawili. Kazi yake ni kujenga uhusiano mwema kati ya wazazi na walimu, kuangalia lishe na afya ya wanafunzi, kushauri juu ya michango, na kusaidia shule katika malezi na nidhamu.

Bodi ya Usimamizi ni chombo kidogo kinachosimamia shule. Ndani yake wamo watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, mwakilishi wa walimu, mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalum, na wengine. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi pia huhudhuria.

Kwa hiyo, kama gredi ya 8 haina mwakilishi, au mwakilishi wake amekwisha kuhama au kusafiri kwenda nchi ya tatu, darasa hilo halina mtu wa kulisemea. Uliza shuleni: "Mwakilishi wa wazazi wa darasa la mtoto wangu ni nani?" Kama hayupo, omba achaguliwe kwenye mkutano unaofuata. Chagueni mtu anayepatikana na anayesema ukweli, hata kama hakusoma sana. Msiwasahau akina mama, maana wao ndio wanaojua nani hakwenda shule leo.

5. UKIENDA KWENYE MKUTANO, ULIZE NINI?

Mikutano mingi inakwisha kwa hotuba na makofi. Mzazi anarudi nyumbani bila kujua lolote juu ya mtoto wake. Nenda na maswali haya:

1. Mtoto wangu amekosa siku ngapi muhula huu?
2. Je, kuna kazi au mradi ambao hajaufanya?
3. Anafanya vizuri somo gani, na somo gani linamshinda?
4. Jina lake na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwaje?
5. Ana rafiki darasani? Kuna anayemwonea?

Swali la nne lina uzito. Watoto wengi wana jina moja kwenye kadi ya chakula, jingine kwenye daftari la shule, na tarehe ya kuzaliwa tofauti kila mahali. Likiandikwa vibaya kwenye orodha ya mtihani, ndilo litakalotoka kwenye cheti, na kulirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Nenda na hati zako, mwombe mwalimu akusomee herufi moja moja.

Kama hujui Kiingereza wala Kiswahili, mwombe mwakilishi wa darasa au kiongozi wa bloku akutafutie mtu wa kutafsiri. Usimtumie mtoto wako mwenyewe kutafsiri maneno ya mwalimu juu yake. Hakuna mtoto atakayetafsiri vizuri habari za utoro wake!

Siku ya mkutano ikigongana na siku ya mgao wa chakula, waambieni viongozi wenu mapema ili shule ibadilishe tarehe. Na kama huwezi kufika kabisa, mtume shangazi, kaka mkubwa au jirani unayemwamini.

6. NYUMBANI UFANYE NINI?

Darasa lenye wanafunzi zaidi ya 100 si jambo la ajabu kambini. Mwalimu hawezi kumfuata kila mmoja. Macho ya pili ni yako, na huhitaji elimu ya juu kuyatumia.

- Fungua daftari kila jioni. Tazama kama tarehe ya leo ipo. Tazama alama za vema na za kosa. Daftari lisilo na tarehe kwa siku nne linasema jambo.
- Mwambie mtoto akueleze kwa lugha ya nyumbani alichojifunza. Akiweza kukueleza kwa Kibembe, Kirundi, Kisomali au Kidinka, ameelewa. Akishindwa, ajue ni swali la kumpelekea mwalimu kesho.
- Gawa kazi za nyumbani kwa haki. Maji, kuni na kupika visiwe vya msichana peke yake. Kaka yake naye ana mikono.
- Mtoto aliyetoka Kongo au Burundi na kusoma kwa Kifaransa si mjinga. Anajifunza masomo 9 na lugha mpya kwa wakati mmoja. Mpe muda, na umwombe mwalimu amkalishe mbele.
- Kijana wa miaka 17 aliye gredi ya 7 anaona haya kukaa na watoto wa miaka 12. Mtie moyo. Usimcheke, wala usiwaache wengine wamcheke.

Tunajua njaa ipo. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2025, nyumba nyingi zinawatuma vijana kutafuta kibarua. Hatutawaambia kwamba daftari linajaza tumbo. Tunaomba jambo moja: kabla hujamtoa mtoto shuleni, nenda kwanza uzungumze na mwalimu mkuu na ofisi ya elimu. Aliyetoka kwa wiki moja hurudi kwa urahisi. Aliyetoka kwa muhula mzima, wengi wao hawarudi.

7. WASICHANA

Gredi ya 7 na ya 8 ndiyo miaka ambayo msichana huanza hedhi, na ndiyo miaka ambayo baadhi ya watu huanza kuja na habari za mahari. Msichana anayekosa siku nne kila mwezi anapoteza karibu wiki nzima ya shule. Mama, zungumza naye mapema, na uulize shuleni kama sodo zinatolewa na kama choo cha wasichana kinafungika kwa ndani. Hilo ni swali halali la Chama cha Wazazi.

Sheria ya Kenya hairuhusu ndoa kabla ya miaka 18, iwe ya kimila au ya kidini. Na msichana aliyepata mimba hapotezi shule. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2020 unampa haki ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Mzazi akikataa, hapo ndipo mlango unapofungwa.

8. MASWALI MNAYOULIZA

Nikilalamika, mtoto wangu hataadhibiwa?
Hapaswi. Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha mwakilishi wenu, kisha ofisi ya elimu. Kama jambo ni la kupigwa au la kuguswa vibaya, usipite ngazi hizo. Nenda moja kwa moja kwa ofisi ya ulinzi wa watoto, au piga 116, simu ya watoto ya Kenya. Ni bure, usiku na mchana.

Mimi ni mlezi tu, si mzazi. Naruhusiwa?
Ndiyo. Anayemlea mtoto ndiye anayetakiwa kufika.

Tukienda nchi ya tatu au tukirudi nyumbani, haya yote yana faida gani?
Nyumba ya kambini utaiacha hapa. Elimu ya mtoto itasafiri naye. Usiondoke bila ripoti zake za shule.

Ndugu wazazi, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, fika shuleni mara moja. Uliza jina la mwalimu wa darasa, naye ajue jina lako. Tuanzie hapo.

Idara ya Elimu na Huduma za Jamii