Chwaka hadi Tanga kwa pikipiki ndogo ya spoti: mambo ya kujua kabla ya kuvuka

Harusi ipo Tanga, nauli za watu watatu zimepanda, na kijana ana pikipiki yake ya spoti ya cc 150. Anasema atavuka nayo, kisha ataendesha mwenyewe mpaka mlangoni kwa ndugu. Mama hataki. Nani ana haki?

Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Pikipiki ndogo inaweza kwenda mbali sana. Mwaka 2009 Muingereza Nathan Millward alitoka Sydney, Australia, na kufika London kwa Honda ya cc 105 iliyokuwa ikitumika kupelekea barua. Kwa hiyo udogo wa injini si kizuizi. Kinachowakwamisha wengi ni haraka, mzigo uliofungwa vibaya, cheni iliyosahauliwa na mwili uliochoka.

Kwa nini ya spoti inachosha zaidi?

Pikipiki ya spoti imetengenezwa kwa kona na mwendo, wala si kwa kukaa juu yake saa nane. Usukani uko chini, kwa hiyo uzito wa kifua unaangukia viganja. Baada ya saa moja vidole huanza kufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki. Kiti ni kigumu na chembamba. Tumbo la pikipiki liko karibu na ardhi, hivyo matuta ya barabarani yanaweza kuligonga, hasa ukiwa umepakia.

Halafu kuna uwepesi. Basi au lori likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta. Usishtuke na kukata usukani. Legeza mabega, bana tangi kwa magoti, punguza mafuta kidogo, na usiendeshe ukingoni kabisa mwa lami. Ukingoni ndiko kwenye mchanga, na huna pa kukimbilia.

Jaribu kisiwa kwanza

Sisi wa Unguja tuna bahati ya kuwa na uwanja wa majaribio. Kutoka Chwaka hadi Mjini ni kama kilomita 32 tu, na safari hiyo haikuonyeshi kitu. Lakini toka Chwaka asubuhi, pita Uroa, Pongwe na Kiwengwa, nenda Nungwi, rudi kwa Mahonda mpaka Mjini, kisha pita Dunga na Jendele kurudi nyumbani. Hapo umepita kilomita 120 na zaidi kwa siku moja.

Fanya mzunguko huo ukiwa na mzigo uleule utakaosafiri nao. Ukirudi, angalia: Je, mkoba umelegea? Cheni imelegea? Oili imepungua? Mgongo unasemaje? Kasoro itakayojitokeza Kiwengwa itakugharimu kumpigia simu fundi. Kasoro hiyohiyo ikijitokeza porini jioni, gharama yake ni kubwa zaidi.

Chumvi ya pwani na cheni

Pikipiki inayolala Chwaka inalala kwenye upepo wa bahari. Chumvi hula cheni, waya za breki na vichwa vya nati. Wiki moja kabla ya safari ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, safisha cheni na uipake oili. Cheni nyingi za pikipiki ndogo hutakiwa zichezee sentimita 2 hadi 3 hivi katikati. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko karibu na gurudumu la nyuma. Cheni iliyokazwa mno hukatika, na iliyolegea huruka. Njiani ipake oili kila baada ya kilomita 500 hivi, na kila mara ukinyeshewa.

Pima oili ya injini kila asubuhi. Injini ndogo hubeba kama lita moja tu, kwa hiyo ikipungua robo lita, hiyo ni sehemu kubwa. Upepo wa tairi upime kabla hazijapata moto.

Bebea spana ya plagi na plagi moja ya akiba, waya wa klachi, kiungo cha cheni, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Vyote huingia kwenye mfuko mmoja mdogo.

Mzigo na nguo

Vitu vizito vikae chini, karibu na mwili wako. Mkoba mzito ukifungwa nyuma kabisa, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kuyumba. Pweza mkavu wa kuwapelekea ndugu usiufunge kwenye usukani. Na safari ndefu ya kwanza, nenda bila abiria.

Helmeti si ya kumuonyesha askari. Utafiti unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani umeonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini ifungwe kamba. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Vaa pia viatu vya kufunika vifundo, koti na glavu. Jua la Bara huunguza hata kama upepo unakudanganya kuwa hakuna joto.

Bandarini na makaratasi

Siku mbili tatu kabla, nenda bandarini Malindi uulize meli ipi inabeba pikipiki, na mafuta yanatakiwa yawe kiasi gani kwenye tangi. Pikipiki yenye namba ya Zanzibar ina taratibu za forodha inapovuka kwenda Bara, kwa hiyo pitia kwanza TRA kabla ya kukata tiketi. Kadi ya pikipiki, leseni na bima viwe mkononi. Piga picha za makaratasi yote na uzihifadhi kwenye simu.

Gawa njia vipande vipande

Meli ikifika Dar es Salaam mchana, lala. Usianze safari jioni ukitumaini kufika usiku. Gizani kuna ng'ombe, malori mabovu yasiyo na taa, na madereva waliochoka kama wewe.

Anza alfajiri kukipambazuka. Njia ya Bagamoyo na Msata hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300. Usiihesabu kama safari moja. Ihesabu kama safari tano fupi: Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera, kisha Tanga kupitia Muheza. Kila kituo shuka, vua helmeti, kunywa maji, nyoosha vidole, gusa cheni na mzigo. Ukienda kilomita 60 hadi 70 kwa saa, na 50 vijijini kama vibao vinavyosema, ukitoka saa 12:30 asubuhi utafika kama saa 8 au saa 9 mchana.

Injini ya cc 150 mara nyingi huenda kilomita 35 hadi 45 kwa lita moja. Hata hivyo jaza tangi likifika nusu, maana kituo ulichokitegemea kinaweza kuwa hakina mafuta. Usivute mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu. Injini inayolia saa nzima ndiyo inayochoka mapema.

Mwambie mtu wa nyumbani majina ya vituo vyako, na umpigie ukishasimama, si ukiwa unaendesha. Kwa dharura, namba ni 112.

Basi yule mama na mwanawe wanaweza kukubaliana hivi: azunguke kwanza kisiwa akiwa na mzigo wake kamili. Akirudi Chwaka kabla ya magharibi, pikipiki haina kasoro na mikono haitetemeki, akakate tiketi ya meli. Akirudi amechoka au cheni inalia, apande basi. Harusi ni yakufika, na kurudi salama.