Kelele Zenye Mizani: Vijana wa Elburgon na Muziki wa Metali

Dada yangu hakulala usiku ule. Mtoto wa jirani alikuwa amemwonyesha, kwenye simu, picha ya mwanawe wa pekee: fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa, gitaa begani, nywele zimemfunika macho, na kinywa kimeachama kama mtu aliyekutana na jini. Alfajiri akabisha mlangoni kwangu. "Kaka," akasema, "mtoto niliyemtia chuoni angali mdogo amekwenda bara kutafuta riziki, na sasa naambiwa anamwimbia Shetani. Nenda ukamtazame. Ikiwa ni kweli, mrudishe, hata kwa kumbeba."

Basi ndivyo mimi, msomaji mpenzi, mtu wa pwani niliyezoea joto na uvumi wa mawimbi, nilivyojikuta ndani ya basi la Nakuru, na kutoka Nakuru ndani ya matatu ipitayo Njoro kwenda Elburgon, koti la kuazima mwilini na kofia ya viua kichwani. Nilikuwa nimetunga maneno makali njia nzima.

Elburgon ni mji wa mbao. Upo katika nyanda za baridi, kando ya msitu wa Mau, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 hupita papo hapo. Kwa miaka mingi misumeno ya viwanda ndiyo iliyokuwa saa ya mji. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, kampuni chache kubwa zikaruhusiwa kuendelea. Februari 2018 ikaja marufuku nyingine. Julai 2023 Rais William Ruto, akiwa Molo, akatangaza kuwa imeondolewa, na shauri hilo likafikishwa mahakamani. Msitu lazima uhifadhiwe, hilo halina ubishi, kwani maji ya mito mingi hutoka humo. Lakini wenye mikono iliyozoea kushika mbao nao wana matumbo, na kila marufuku ilipokuja, nyumba nyingi za mji huu zilikaa bila moto jikoni.

Nilimkuta mpwa wangu katika yadi ya mbao, kazi yake kunoa misumeno. Alinibusu mkono. "Shikamoo mjomba. Mama hajambo?" Nikamwitikia kwa ufupi, nikamwambia nimekuja kusikia huo muziki wake kwa masikio yangu. Akacheka kidogo, akasema vijana wenzake watakutana baada ya alasiri.

Pale yadini nilisalimiana na mzee mmoja mpasuaji, nikahisi mkono wake una vidole vitatu. Mpwa wangu aliona nilivyoshtuka. Tulipokwisha kuondoka akaniambia, "Mjomba, muziki huu wetu ulianzia kwenye mkono kama ule." Nikadhani ananifanyia mzaha, lakini kisa ni cha kweli. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, palikuwa na kijana aitwaye Tony Iommi, mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao ndio aliobonyezea nyuzi, kwani alikuwa mtu wa shoto. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, kisha akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa mlio mzito, wa chini, wenye huzuni. Mwaka 1970 bendi yake, Black Sabbath, ikatoa sahani yake ya kwanza, na wengi huhesabu kuwa muziki wa metali ulizaliwa hapo.

Tawi wanalolipenda vijana wa Elburgon lilichipuka California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Metallica walitoa sahani yao ya kwanza mwaka 1983. Slayer, Megadeth na Anthrax nao wakajitokeza miaka hiyo hiyo. Tawi hili huitwa thrashi, neno lenye maana ya kupiga kipigo kisicho na huruma. Mimi nitauita muziki wa kutwanga, kwani kila mwenye kinu atanielewa. Zamani hizo redio hazikuutaka, basi wapenzi wake wakawa wananakili kanda na kupelekeana kwa posta, nchi hata nchi. Kwa njia ya namna hiyo ulifika hata Brazil, ambako ndugu wawili wa Belo Horizonte walianzisha Sepultura mwaka 1984.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo, isipokuwa mahali pa posta pakashikwa na simu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 Nairobi imekuwa na bendi za vijana wanaopiga metali na jamaa zake: Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Bedslum, In Oath, Lust of a Dying Breed, Seeds of Datura. Walipiga katika vilabu vidogo, aghalabu kwa vyombo vya kuazima, huku magazeti na redio, isipokuwa chache, zikiwapita kama hawapo. Edward Banchs, Mmarekani, aliitembelea Kenya na nchi nyingine za Afrika kwa ajili ya muziki huu, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2016. Kisha kutoka katika hizo bendi mbili za mwisho nilizozitaja wakatoka vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, wakajiita Duma. Mswahili akisikia jina hilo humwona mnyama mwenye mbio. Wao walilitoa kwenye Kikuyu, wakikusudia giza. Sahani yao ilitolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasifiwa Ulaya kabla wengi wa Nairobi hawajaisikia. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa sahani yake mwenyewe, akaitunuku kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa kike wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023.

Alasiri tukasali katika msikiti wa mji. Sikumwambia mpwa wangu kuwa nilikuwa nikimtazama. Yeye mwenyewe alitangulia kutia udhu kwa maji yale ya barafu. Tulipotoka tukaenda kwenye banda nyuma ya yadi. Kuta zake zilipangwa magunia ya unga wa mbao ili kuzimeza sauti, jirani wasilalamike. Walikuwa watatu. Wakaniwekea kiti, wakanipa chai, kisha wakaanza.

Sitakuficha, msomaji: niliziba masikio. Ilikuwa kama misumeno yote iliyonyamaza Elburgon imefufuka katika chumba kimoja. Mpwa wangu, niliyemjua kwa sauti nzuri ya kusoma Barzanji, alitoa ngurumo kooni mwake nikadhani atapasua mishipa. Walipopumzika nikamwuliza iwapo anajua anachokifanya. Akanijibu kwa adabu, akanionyesha. Ukingo wa kiganja cha kulia hulazwa juu ya nyuzi karibu na zinapofungwa, ili mlio usitandae bali ukatike, mfupi, kama shoka kwenye gogo. Mpiga ngoma ana kanyagio mbili, moja kwa kila mguu, na mwendo huweza kufika mapigo mia mbili kwa dakika. Mmoja akichelewa nusu ya pigo, wote huanguka. Kwa sababu hiyo hurudia kipande kimoja jioni nzima.

Nikaingia kwenye lililonileta. "Na Shetani?" Mpwa wangu akainamisha kichwa. Akakiri kuwa zipo bendi za ughaibuni zilizojijengea jina kwa kutukana dini na kupamba majalada kwa mapepo, na kwamba nyimbo hizo hawazipigi. Fulana ya fuvu aliinunua mitumbani Nakuru. "Ilikuwa nyeusi, na ilikuwa rahisi," akasema. Nikamwambia kuwa si kila kilicho rahisi huvaliwa, akanyamaza.

Huko kuogopa si kwa mama yake peke yake. Mwaka 1994 serikali ya Rais Moi iliunda tume nzima kuchunguza ibada ya Shetani nchini, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Mzazi aliyelelewa na habari hizo, akiona fuvu, atawaza nini? Lakini mpwa wangu alinionyesha jambo nililokuwa silijui. Garut, Java Magharibi, nchi ya Indonesia, wasichana watatu wa shule ya Kiislamu waliunda bendi ya metali mwaka 1 wa safari yao, 2014, baada ya mwalimu wao kuwasikilizisha. Wanavaa hijabu. Wanajiita Voice of Baceprot, na neno hilo la mwisho kwa lugha yao ni kelele. Walitukanwa na kutishwa kwao. Juni 2024 walipiga kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, wakiwa bendi ya kwanza ya Indonesia kufika hapo. Na Jakarta wako wapiga metali Waislamu walioiacha ile ishara ya vidole viwili mfano wa pembe, wakainua kidole kimoja cha shahada.

Sikwenda Elburgon kutoa fatwa, wala si mwenye elimu hiyo. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki tangu zamani, na kila mtu na imamu wake. Ninalolijua ni kuwa beni ilipotapakaa pwani yetu, na gwaride lake na tarumbeta zake, wako wazee waliosema dunia imekwisha. Na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, si wote waliompigia makofi. Leo tunawataja kwa fahari, tukasahau kununa kwetu.

Wenzake wawili walinizungumza zaidi kuliko magitaa yao. Mpiga ngoma ni Mkipsigis, mpiga gitaa la pili ni Mkikuyu. Sehemu hizi za Molo ziliwaka moto mwaka 1992, zikawaka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu waliuawa na maelfu wakahama. Vijana hawa walikuwa watoto wadogo. Mmoja alilala kambini chini ya turubai. Mwingine alilala porini na nduguze, mama yao amewaziba vinywa wasilie. "Tulifundishwa kunyamaza, mzee," akaniambia yule mpiga ngoma. "Hapa ndani hakuna wa kutunyamazisha." Nikakitua kikombe changu cha chai.

Kisha wakaniomba hisani. Walikuwa na wimbo wao wa kwanza wa Kiswahili, wamechoka kuiga maneno ya watu, lakini ulikuwa ukiwakwamisha. Mpiga ngoma alisema kila wakifika mstari wa tatu miguu yake hujikwaa, naye hajui kwa nini. Nikaomba karatasi. Mpwa wangu alikuwa ameutunga kwa bahari ya nane kwa nane, kama nilivyomfundisha angali mtoto. Mstari wa tatu aliandika "Sasa kimya kimeingia". Nikahesabu kwa vidole: mizani tisa. Miguu ya yule kijana wa Kipsigis, ambaye hajapata kusikia neno mizani, ilikuwa imeligundua kosa ambalo kalamu ya mpwa wangu haikuliona. Nikawaambia washairi wa pwani wana ruhusa ya kufupisha, nikaandika "kimengia", ubeti ukakaa hivi:

Msumeno ulilia, mji ukapata kula,
Asubuhi twaingia, kwa jasho na kwa jamala,
Sasa kimya kimengia, mashine zimeshalala,
Nani atatusikia, ila Rabana Taala?

Wakaurudia. Safari hii hakujikwaa mtu. Mpwa wangu aliyanguruma maneno yale, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nayajua, nikayasikia yote. Kituo kilipofika, lile jina la Mola likitoka katika koo lile lililokwaruzika, nilijikuta nimeitikia kimoyomoyo. Hodari wa maneno makali sikuwa nayo tena hata moja.

Bado siupendi muziki wenyewe, na kichwa kiliniuma hadi Nakuru. Lakini nilitumwa kutazama, si kupenda. Usiku, kabla ya kulala, nikampigia dada yangu simu. Nikamweleza kuwa mwanawe anafanya kazi ya halali, anasali, hajaacha lugha yake, na kwamba kelele zake zina mizani. Hakunijibu. Nikampa kijana simu, nikatoka nje kwenye baridi ili wazungumze. Niliporudi alikuwa akifuta macho kwa mkono wa koti.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema nywele nizikate kabla ya Idi," akajibu. "Na ile fulana niifue peke yake, isichanganyike na kanzu ya Ijumaa."