Mbwa wako pia anahitaji kutoka kwa geti

Haiki imeshika Nairobi vibaya. Jumamosi kabla jua lichomoze, simama stage yoyote katikati ya jiji utaona wasee wenye mabegi mgongoni, viatu vya matope na thermos ya chai, wakingoja basi la kundi lao. Kufikia jioni picha zimejaa kwa simu: Ngong, Longonot, Elephant Hill. Nimezipitia nyingi sana. Watoto huwaoni. Na mbwa je? Sahau kabisa.

Mbwa wa Kenya ana kazi moja tu, na tumeshamwandikia kwa geti: "Mbwa Kali". Mchana yuko kwa kibanda, usiku anafunguliwa azunguke ploti, asubuhi anarudi ndani. Kaka yangu anaishi upande wa Ruaka na ana mmoja wa aina hiyo, wa kienyeji, mkubwa, anaitwa Simba kama nusu ya mbwa wote nchini. Simba alikuwa akibweka kuanzia saa nane mchana hadi watu walale. Majirani walilalamika, landilodi akampa kaka mwezi mmoja: ama kelele ziishe, ama mbwa aende. Mpwa wangu wa miaka 7 alilia siku mbili, ingawa, ukweli usemwe, yeye mwenyewe alikuwa anamwogopa huyo mbwa na kumtupia chakula kutoka mbali.

Daktari wa mifugo aliuliza swali moja: huyu hutembea? Hapana. Basi shida ni hiyo. Mbwa mwenye nguvu akifungiwa mita mbili mraba, lazima hizo nguvu zitokee mahali, na kwake zilitokea mdomoni.

Tulipomwambia mama kwamba tunampeleka Simba msituni, alicheka hadi akakaa chini. "Mbwa ni wa geti. Ushaona polisi akipelekwa pikiniki?" Lakini alikuja. Alibeba hata chapati.

Tulianza na Karura, na mimi ningemwambia yeyote aanze hapo. Ni msitu wa hekta kama 1,000 ndani ya jiji, huo ambao Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akitetea usigawiwe wajenzi. Una maporomoko ya maji, mapango kando ya mto, na njia zilizowekwa alama, kwa hivyo mtoto mdogo hapotei na mama mwenye magoti mabaya hateseki. Mbwa wanaruhusiwa, ila kwa kamba, si kutembea wakijiamulia. Na kamba si ya urembo. Humo ndani kuna paa wadogo na tumbili, na mbwa wa kienyeji akiona kitu kinakimbia, damu ya babu zake inaamka. Simba alivutwa na harufu kila hatua kumi. Saa moja ya kwanza kaka ndiye alitembezwa.

Kitu ambacho sikutarajia kilitokea kwenye mteremko wa kwenda mapangoni. Mpwa wangu aliomba ashike kamba. Tuliweka mbili, moja yake, nyingine ya baba yake, ndio mbwa akivuta kwa nguvu mtoto asiburutwe. Walitembea hivyo karibu saa nzima, bila mtu kuongea.

Ngong ni habari nyingine. Huko ni ukingo wa milima, vilele vinapanda na kushuka, Lamwia ikifika mita 2,460, na upepo haukuombi ruhusa. Ulizia langoni kuhusu mbwa na uandamane na askari wa msitu. Wafugaji hulisha mbuzi na kondoo kwenye miteremko hiyo, na mbwa mmoja akikimbiza kundi, siku yenu imeisha na mfuko wako pia. Kwa mtoto wa umri huo, vilele viwili vya kwanza vinatosha. Wacha ushujaa.

Sasa, Hell's Gate. Najua unaipenda, ile korongo ina picha kali. Lakini hiyo ni mbuga ya taifa, na mbwa hawaingii mbuga za taifa. Wasee hudhani ni KWS wanajifanya. Soma hii: mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo mbwa wa nyumbani hubeba, viliingia Serengeti na kuua karibu thuluthi moja ya simba wa huko, vikafika hadi Maasai Mara. Mwaka 2017 ugonjwa huo huo ulifagia mbwa mwitu Laikipia. Mbwa wako anaweza kuonekana fiti na bado aeneze ugonjwa. Kwa hivyo siku ya korongo, Simba anabaki. Na hata bila mbwa, usiingie na watoto wakati wa mvua. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 mle ndani. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, wewe uko chini unaona anga safi, na maji yanakuja kwenye njia nyembamba isiyo na pa kupandia.

Kabla ya kutoka, chanjo ni lazima: kichaa cha mbwa kila mwaka, na ile ya mseto yenye distempa na parvo. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, tafadhali.

Anza mapema, kwa sababu mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Akianza kuhema bila kukoma na kuyumba, tafuta kivuli na umpe maji. Beba sufuria ndogo ya kunywea na mifuko ya kuzoa kinyesi chake (ndio, unazoa, hata kama ni msituni). Siafu wakimwingia katikati ya vidole utasikia. Mkirudi nyumbani mkague kupe masikioni na kwapani.

Pikiniki ndiyo hatari ambayo watu hawaiwazii. Mtoto ana roho safi, atagawa kila kitu. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa matumbo. Mama aliposikia hayo akamnyima Simba paja la kuku, akampa chapati kavu. Mbili.

Mwezi wa landilodi unaisha Ijumaa ijayo. Siku ambazo Simba ametembea, halali akibweka, na jirani wa juu alimsalimia kaka kwa ngazi kwa mara ya kwanza tangu Januari. Siku ambazo hajatembea ni zile zile za zamani, kwa hivyo kaka sasa anaamka saa kumi na moja asubuhi kabla ya kazi. Mpwa wangu naye ameomba aamshwe.