Fahamu: Hatifungani ya maji ya Tanga

Hatifungani ni mkopo ambao taasisi huchukua kwa wawekezaji wengi, wakiwemo wananchi wa kawaida, kwa ahadi ya riba.

Tanga ilifanya nini?

Februari 2024, Mamlaka ya Maji Tanga ilizindua hatifungani ya kijani, yaani ya miradi rafiki kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Lengo ni kupanua huduma ya maji yanayotoka bwawa la Mabayani, mto Zigi.

Nani atalipa?

Wateja, kupitia bili zao. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini: kila bomba linalovuja na kila mita mbovu hupunguza fedha za kurejesha deni.

Kwa nini mkopo mrefu?

Mtambo wa maji hutumika miongo kadhaa. Ni haki watakaoutumia kesho nao wachangie.