Leseni Moja, Tafsiri Mbili

Leseni ya programu ni ruhusa yenye masharti inayotolewa na mwenye hakimiliki. Ubishi huzuka sharti moja linaposomwa kwa namna mbili. Chukua mfano wa Linux, iliyo chini ya leseni ya GPL toleo la 2 la mwaka 1991: anayeisambaza lazima atoe na msimbo wake. Kampuni ya TiVo ya Marekani iliutoa, lakini mashine zake za kurekodi vipindi vya televisheni zilikataa kuendesha Linux iliyobadilishwa na mnunuzi. Richard Stallman aliona mtumiaji amenyimwa uhuru wake. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akashikilia kuwa leseni inadai msimbo tu, si mashine. Toleo la 3 la mwaka 2007 liliziba mwanya huo, ila Linux ilibaki na la 2. Ukiulizwa, usiandike kwamba TiVo ilivunja leseni.