Dhahabu ya Sandukuni: Itambue Kabla ya Kuiyeyusha

Anapofariki bibi, na sanduku lake likafunguliwa mbele ya warithi, mara nyingine hutokea humo, baina ya vikuku na vipini, sarafu kongwe ya dhahabu. Wepesi wa wengi wetu hapa Mtwapa ni kuipeleka Mombasa kwa sonara, ipimwe kwa gramu, iyeyushwe na fedha zigawanywe. Hapo haki ya warithi yaweza kupotea bila ya mtu kukusudia dhulma.

Chukua mfano wa sarafu ya Tabora. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, manowari za Waingereza ziliifunga pwani ya nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambayo sasa ni Tanzania Bara, na fedha kutoka Ulaya zikawa hazifiki. Mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu za rupia 15 zilizopigwa ni 16,198 tu. Mwezi Septemba mji ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Upande mmoja yupo ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima, na hapo pana mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili yupo tai.

Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ndiyo dhahabu safi, yaani gramu 5.4 hivi. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ina gramu 7.3 za dhahabu safi. Kwenye mizani ya sonara, basi, pauni hushinda. Kwa wakusanyaji, ndovu wa Tabora huiacha mbali pauni ya kawaida.

Kwa hivyo, ukiipata sarafu ya zamani, usiisugue, usiitoboe, wala usiitie kitanzi cha mkufu, kwani hayo huishusha thamani. Bandia ni nyingi. Ipimwe uzito, na itazamwe na mjuzi asiyetaka kuinunua.

Tukumbuke pia zaka. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, sawa na pauni 12 hivi zilizohifadhiwa mwaka mzima. Zilizofanywa kidani cha kuvaliwa, muulize sheikh wako, kwani maulamaa wamehitilafiana.

Na katika mirathi, sarafu haikatwi kwa kisu. Ikadiriwe kwanza thamani yake ya kweli, ndipo kila mrithi, binti naye akiwemo, apewe fungu alilowekewa na Mola wake, bila kupunguziwa.