Tathmini ya Kazi ya Mwalimu na Uzito wa Cheti Chake

Utangulizi

Katika vikao vya kamati za shule na katika mijadala ya wanachuo husikika semi mbili zinazopingana. Usemi wa kwanza hudai kwamba mwenye cheti ndiye mwalimu, na kwamba jambo hilo likishapigwa muhuri halina mjadala tena. Usemi wa pili hudai kwamba cheti ni karatasi tu, na kwamba mwalimu hupimwa kwa kazi yake. Kila usemi umeshika ncha moja ya ukweli na kuiacha ya pili. Madhumuni ya makala hii ni kueleza jinsi tathmini ya kazi ya mwalimu inavyohusiana na cheti chake, na kuonyesha, kwa kutumia historia ya nchi yetu wenyewe, kwamba cheti hakiwezi kuwa na uzito kuliko tathmini iliyokizaa.

Swali hili si la walimu peke yao. Mtoto wa mkulima hamchagui mwalimu wake. Hana fedha za kuhama shule, wala hana jamaa wa kumfundisha nyumbani jioni. Humpokea yule ambaye taifa limethibitisha kuwa anaweza kufundisha. Kwa hiyo kila anayetia sahihi katika fomu ya tathmini hutia sahihi hiyo mbele ya mtoto huyo, hata kama hamjui.

Mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa

Makada wengi huzungumzia "cheti" kana kwamba ni jambo moja. Kwa hakika yapo mambo matatu, na tathmini ya kazi huyagusa kwa njia tofauti.

Kwanza, kipo cheti cha ualimu chenyewe, ambacho mwanachuo hukipata mwisho wa mafunzo. Upande mmoja wa cheti hicho ni mitihani inayosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Upande wa pili ni mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hupelekwa shuleni, hushika darasa, na mkufunzi hukaa nyuma akiangalia andalio la somo, matumizi ya ubao na zana, namna maswali yanavyoulizwa, na kama wale watoto wa madawati ya nyuma wanasoma au wanasinzia. Hapa tathmini ya kazi imo ndani ya cheti.

Pili, kuna kuthibitishwa kazini. Mwalimu aliyeajiriwa na Serikali huanza kwa kipindi cha majaribio. Kuthibitishwa kwake, na baadaye kupandishwa cheo, kumo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Hapa taarifa za utendaji hugusa ajira. Mwalimu aliyeandikiwa alama mbaya hanyang'anywi cheti cha chuo, lakini anaweza kukwama mahali alipo.

Tatu, upo usajili wa kitaalamu. Mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, kwa shabaha ya kusajili walimu na kusimamia viwango vya taaluma yao. Msingi wake ni kwamba kustahili kufundisha ni jambo la kulindwa muda wote wa kazi, wala halimaliziki siku ya mahafali.

Asiyetenganisha mambo haya matatu atamtisha mwalimu kwa adhabu isiyokuwapo, au atamwahidi kinga isiyokuwapo vilevile.

Cheti kilichotafutwa darasani: mfano wa UPE

Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Azimio hilohilo lilikosoa desturi ya kumpima mtu kwa mtihani wa kuandika peke yake. Lilitaka anayeomba kuingia Chuo Kikuu awe kwanza amefanya kazi, na awe na maoni mazuri ya watu waliomwona akifanya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, tathmini ya utendaji ilipewa nafasi kando ya karatasi ya mtihani.

Lakini uamuzi wa kuwaingiza watoto wote shuleni ulihitaji walimu wapya wapatao 40,000 kwa muda mfupi, na vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kuwatoa. Ndipo mwaka 1976 ukaanzishwa mpango wa kuwafundisha walimu wakiwa vijijini. Vijana, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba tu, waliteuliwa, wakapelekwa shuleni kufundisha sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakajifunza kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na vikundi vya kusoma pamoja. Mafunzo yalichukua miaka mitatu na kufuatiwa na muda wa kukaa chuoni kabla ya kumaliza. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 45,000, na waliofuzu walikuwa zaidi ya 35,000.

Tuangalie kilichopimwa. Kijana huyo hakupewa cheti kwa mtihani wa nadharia peke yake. Alipimwa pia kwa kazi zake za mfululizo na kwa ufundishaji wake mbele ya darasa. Cheti chake kilitafutwa kazini, siku kwa siku, machoni pa watoto na wazazi. Kinadharia hiki ni kipimo bora kuliko kile cha mtu aliyefungiwa chuoni miaka miwili na kuliona darasa kwa majuma machache tu.

Mgongano uliojitokeza

Hata hivyo, nadharia iliyo sahihi haijitekelezi yenyewe. Katika mpango huu yalikutana mahitaji mawili, na yote mawili yalikuwa ya haki. Taifa lilihitaji walimu wengi upesi. Mtoto alihitaji mwalimu anayejua kazi yake. Tathmini ndiyo iliyowekwa katikati ya mahitaji hayo, ikaambiwa iyapatanishe.

Aliyepaswa kumwangalia kijana huyo alikuwa mwalimu mwenzake wa shule ileile, au mkufunzi mwenye vituo vingi na usafiri wa shida. Madarasa yalikuwa yamejaa, na vitabu vilikuwa haba. Mtathmini katika hali hiyo hujikuta njia panda. Akiwa mkali, darasa litabaki bila mtu, na kijana ataadhibiwa kwa upungufu ambao si wake. Akiwa mlegevu, atampitisha asiyeweza, na gharama italipwa na mtoto asiyekuwa na sauti katika kikao chochote. Hakuna fomu inayoweza kumwondolea mtathmini uzito huo. Kinachoweza kumsaidia ni muda wa kutosha wa kuangalia, na uwezo wa kumsaidia anayeangaliwa. Pasipo hayo mawili, alama huandikwa kwa huruma au kwa hofu.

Deni lililorudi

Matokeo yake tumeyaona. Jina "mwalimu wa UPE" likageuka kuwa dhihaka midomoni mwa watu, wakiwamo watu waliojifunza kusoma na kuandika kwa walimu haohao. Baadaye, katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, iliamuliwa walimu wa daraja la B na C wapandishwe hadi daraja la A kwa mafunzo kazini. Miongoni mwa waliorudi madaftarini walikuwamo watu wazima waliokwisha kufundisha miaka ishirini na zaidi.

Hapa tujikosoe. Kumwendeleza mwalimu ni jambo jema, lakini kumwambia mtu wa miaka hamsini kwamba cheti chake hakitoshi, bila kukiri kwamba sisi ndio tuliompa cheti hicho na kumpeleka darasani, ni kumtwisha mtu mmoja deni la jamii nzima. Kama tathmini ya mwanzo ilikuwa nyepesi, wepesi huo ulikuwa wetu.

Hali ya sasa

Mwaka 2004 utumishi wa umma uliachana na taarifa za siri, ambazo mkubwa alimwandikia mdogo bila mdogo kujua, ukaingia katika Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, maarufu kwa jina la MWAMTUKA. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu anayepimwa alipata haki ya kukubaliana malengo na mkuu wake na kuziona alama zake. Lakini fomu hizo zililalamikiwa sana kwamba zilijazwa mwisho wa mwaka ili kutimiza taratibu. Katika mwaka wa fedha 2023/2024 mahali pake pamechukuliwa na mfumo wa kompyuta unaoitwa PEPMIS. Chombo kimebadilika, lakini swali ni lilelile: nani amekaa darasani, na mara ngapi?

Majirani zetu wa Kenya wameliendea jambo hili kwa njia nyingine. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inataka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kitaaluma na achukue cheti cha kufundisha kila baada ya miaka mitano. Utaratibu wa mafunzo hayo ulipotangazwa mwaka 2021, vyama vya walimu viliupinga, hasa kwa sababu mwalimu alitakiwa kujilipia. Funzo liko wazi. Cheti kinachohuishwa kinaweza kuinua kazi, lakini gharama ya kukihuisha ikiwekwa begani mwa mwalimu peke yake, ataiona tathmini kuwa tozo.

Masharti ya tathmini ya haki

Kutokana na uchambuzi huu tunapata masharti manne.

(a) Tathmini ipime kazi yenyewe. Matokeo ya mtihani wa watoto ni dalili mojawapo. Darasa la watoto mia moja na kumi halipimwi sawasawa na darasa la watoto arobaini.

(b) Anayepimwa aelezwe kasoro zake mapema, na apewe nafasi ya kuzirekebisha kabla ya hukumu. Alama inayomshtukiza mtu haimfundishi.

(c) Mtathmini naye apimwe. Mkuu wa shule anayewapa walimu wote "vizuri sana" na yule anayewapa wote "hafifu" wamefanya kosa moja, nalo ni kukataa kuangalia.

(d) Tathmini ifuatane na msaada. Anayegundua kwamba mwalimu hawezi kufundisha sehemu za desimali, kisha akaondoka na pikipiki yake, amefanya nusu ya kazi.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alama za bure humharibu mwalimu, na alama za uonevu humvunja. Mwanachuo utakayekwenda mazoezi ya kufundisha, usimwogope mkufunzi anayekaa nyuma ya darasa lako, bali mwogope yule atakayetia sahihi bila kuingia. Nawe kada uliye katika kamati ya shule, unapojadili mwalimu hafai, uliza kwanza ni nani alimwangalia, lini, na alimsaidia nini. Jibu lisipopatikana, kikao kimuite mtathmini kabla ya kumhukumu mwalimu.